Gasketi Nene ya Gari Namba Kumi na Saba

"Kama umeniita nije nitukanwe, bora ningebaki nyumbani nikatukanwa na mke wangu. Yeye angalau ananipikia," alifoka Dwight Kluesner, hata kabla hajamaliza kuingia ndani ya banda la ukaguzi.

"Ingia, Dwight, na ufunge mlango. Unaniingizia inzi," alijibu Marvella Hruska bila kuinua kichwa.

Alikuwa ameinamia injini ya gari namba kumi na saba, iliyofungwa kwenye stendi katikati ya banda. Ilikuwa injini ya silinda nane, na mpaka Jumamosi iliyopita ndiyo iliyokuwa ikiogopwa kuliko zote katika uwanja wa mbio za udongo wa Otter Prairie. Sasa ilikuwa marehemu. Ilianza kugonga mbio zikiwa bado mbichi, ikaendelea kugonga huku watu majukwaani wakikunja nyuso, kisha ikatema moshi mweupe na kuzimika kwenye kona ya tatu, mbele ya kibanda cha kina mama wa kanisa wanaouza pai.

Marvella hakuwa fundi wa kuzaliwa. Alikuwa mpelelezi wa bima. Maghala yaliyodaiwa kuungua yenyewe, matrekta yaliyodaiwa kuibiwa kumbe yamezamishwa bwawani, mvua ya mawe iliyopiga shamba la mteja na kuliruka la jirani asiye na bima. Yote hayo aliyapitia, na yalimwachia tabia moja mbaya: hakumwamini mtu yeyote aliyemsalimia kwa bashasha. Alipostaafu, kamati ya uwanja ilimbembeleza awe mkaguzi mkuu, kwa kuwa kila mkaguzi aliyemtangulia alikuwa na shemeji au binamu kwenye mashindano. Marvella naye alikuwa na binamu humo, lakini walikuwa hawasemeshani.

Kwenye kona ya banda, juu ya tairi lililolazwa chini, alikaa Janelle Roorda. Yeye ndiye mwenye gari, ndiye dereva, na ndiye aliyeiunda injini ile kwa mikono yake mwenyewe bolti kwa bolti. Macho yalikuwa mekundu. Alipomwona Dwight, alisimama.

"Muuaji huyo."

"Umemsikia? Umemsikia, Bi Marvella?" Dwight aliruka. "Ananiita muuaji! Kwa ajili ya chuma!"

"Kaeni wote wawili. Anayetaka kupiga kelele akapige nje, na akitoka harudi."

Wakakaa. Marvella alijifuta mikono, akaanza upya kama alivyozoea, kwa kulisema jambo lote kwa sauti ili asije mtu baadaye akadai hakuelewa.

"Katikati ya msimu, wewe Dwight ulilalamika kwamba injini ya Janelle ina mgandamizo unaozidi sheria. Sivyo?"

"Ilikuwa inanipita kwenye njia iliyonyooka kama nimeegesha! Ungekuwa wewe ungefikiria nini?"

"Nimeuliza ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Nikaifungua mbele ya watu wote, wewe ukiwa mstari wa mbele unatafuna bisi. Nikapima. Sheria inaruhusu tisa na nusu kwa moja, nayo ikawa tisa na nusu kwa moja, haikuzidi hata unywele. Nikaifunga kwa lakiri. Waya kupitia vichwa vya bolti, na juu ya kila bolti rangi yangu ya kucha, ya chungwa, ili bolti ikizungushwa kidogo tu rangi ipasuke. Tangu siku hiyo hairuhusiwi kufunguliwa mpaka msimu uishe. Mpaka hapo tuko pamoja?"

Walikuwa pamoja. Marvella alichukua bolti moja, akaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ile rangi ya chungwa ikabanduka, laini, ikajikunja.

"Rangi ya kucha haifanyi hivi. Hii ni nta. Mtu amekata waya wangu, amefungua injini, ameifunga tena, ameunga waya kwa chini usionekane, kisha amepaka nta juu yake akidhani mimi ni kipofu."

Kila mmoja humo bandani aliijua sheria. Lakiri ikivunjwa na mtu wa timu, dereva anafutiwa alama zote za msimu. Ikivunjwa na mtu wa nje, alama zinabaki, na huyo mtu wa nje hakanyagi tena uwanja wa Otter Prairie mpaka anaingia kaburini. Janelle alikuwa anaongoza msimamo. Dwight alikuwa wa pili. Mbio za mwisho zilikuwa Jumamosi hii inayokuja.

"Dwight," Marvella alisema kwa upole, na waliomjua waliuogopa upole huo kuliko kelele zake, "wiki iliyopita gari lako lilionekana limeegeshwa ndani ya mahindi, jirani kabisa na shamba la kina Roorda."

Dwight alijibu haraka: "Mahindi ni ya watu wote kuyaangalia."

"Uliyaangalia ukiwa ndani yake?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita katikati ya shamba la mtu na pikapu? Jirani anasema ulitoka ghalani kwa akina Roorda ukitambaa, mbwa amekung'ang'ania suruali."

Dwight alimtazama Marvella, akamtazama Janelle, kisha mabega yakamshuka. "Sawa. Nilikwenda kupima springi zake."

"Springi zangu!" Janelle alipiga kelele.

"Nyuma ya gari lako haiinuki kwenye kona! Nimekesha nikiwaza! Nilikwenda na futi ya kupimia, nikapima ya kushoto tu, mbwa akaja. Ya kulia sijaipima mpaka leo. Nimewaambia ukweli."

"Kwa nini usingemwuliza?" Marvella alisema.

"Bi Marvella," Dwight alishangaa kwa dhati, "tangu lini mtu akauliza?"

Marvella hakucheka, ingawa ilimbidi ageukie dirishani kidogo. Alipogeuka tena alinyoosha mkono. "Nipe ulicho nacho kwenye mfuko wa shati."

Dwight alitoa kalamu, kijiti cha kuchokolea meno, na kijiti kinene cha nta cha kuwekea nguruwe alama. Kilikuwa cha rangi ya chungwa. Janelle alishusha pumzi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ngojeni kwanza!" Dwight alipiga kelele. "Kila mtu wilaya hii ana nta ya nguruwe! Kina Roorda wanafuga nguruwe! Mchungaji anafuga nguruwe! Utamkamata na mchungaji?"

"Nikimkuta ndani ya mahindi, nitamkamata," alisema Marvella. "Sasa nijibu jambo moja la kifundi. Tuseme wewe ni mtu mbaya."

"Mimi si mtu mbaya."

"Nimesema tuseme. Unataka kuiua injini hii, na chombo pekee ulichopewa ni gasketi ya silinda hedi, lile bamba la kuziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake. Unaweka nene au nyembamba?"

"Nyembamba!" Dwight alijibu papo hapo, akinyoosha kifua, maana aliulizwa jambo analolijua. "Nyembamba kama karatasi. Hedi inashuka, chumba cha moto kinakuwa kidogo, mgandamizo, hiyo kompresheni, unapanda juu, na kwa hii petroli ya kawaida tunayolazimishwa mwaka huu, inagonga mpaka pistoni zinatoboka. Kwaheri ya kuonana." Kisha akasikia alichokisema. "Yaani huyo mtu mbaya ndiye angefanya hivyo."

Marvella alifunua kitambaa kilichokuwa mezani. Chini yake ililala gasketi aliyokwisha kuitoa asubuhi. Aliibana kwenye maikromita ya kupimia unene, akawaita wote wawili wasome wenyewe.

Dwight alisoma, akasugua macho, akasoma tena. "Themanini?"

"Themanini," Marvella alisema. "Sehemu themanini kati ya elfu za inchi. Janelle, wewe uliweka ya ngapi?"

"Arobaini. Uliiona mwenyewe siku ile." Janelle alikuwa amesogea mpaka mezani bila kujijua. Hasira ilikuwa imemtoka, umebaki ufundi. "Arobaini haikuwa bahati. Nilisaga uso wa bloku mpaka pistoni ikifika juu inakuwa sawa na bloku kabisa. Kwa hiyo pengo kati ya ukingo wa pistoni na hedi ni unene wa gasketi, basi. Ikawa arobaini. Halafu nikatafuta hedi zenye chumba kikubwa kidogo ili uwiano usipite tisa na nusu. Ndiyo kazi yote hiyo. Ukitaka kupunguza mgandamizo unapunguza kwenye chumba au kwenye kichwa cha pistoni. Pengo unaliacha pale pale."

"Kwa nini?" aliuliza Dwight. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka isikike kwamba ameuliza.

"Kwa sababu pistoni ikipanda, ule ukingo unaibana hewa na petroli na kuisukuma katikati, mbele ya plagi. Inavurugika, inawaka yote mara moja. Ukiacha pengo kubwa, petroli inabaki imejificha pembeni. Moto unaanza katikati, kule pembeni joto linapanda, halafu inalipuka yenyewe wakati wake inaoutaka. Umekaanga bisi wewe. Zile za mwisho unajua zitaruka saa ngapi?"

"Kwa hiyo gasketi nene…"

"Inashusha kompresheni na inagonga vilevile. Injini inakuwa mvivu na mgonjwa kwa mpigo."

Dwight alikaa juu ya tairi la Janelle bila kuombwa. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anazihesabu injini zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, pamoja na siku zilizofia.

"Jumamosi injini ilikuwa mvivu?" Marvella aliuliza.

Janelle aliigusa gasketi kwa kidole. "Ilikuwa nzito tangu mizunguko ya kupasha moto. Nikadhani ni hewa, unajua hewa ya Agosti mahindi yakiwa marefu. Nikasogeza wakati wa cheche mbele kidogo, iwake mapema zaidi, ili ichangamke." Alijipiga paji la uso. "Mimi mwenyewe, Bi Marvella! Ilikuwa inaumwa nikaichapa kiboko!"

"Hukujua."

"Ningejua kama mtu asingeigusa!"

Ukweli huo haukuwa na ubishi. Lakini uliliacha swali limekaa vibaya zaidi kuliko mwanzo, na Marvella aliuona ubaya wake. Mdanganyifu angeweka gasketi nyembamba apate nguvu. Mharibifu kama Dwight angeweka nyembamba apate kifo. Nene ingewekwa na nani?

Alirudi kwenye injini, akaanza kufungua hedi ya upande wa pili, bolti moja moja, akiitazama kila moja kabla ya kuilaza. Kisha alitembea mpaka kwenye gari la mbio la Dwight lililokuwa limeegeshwa mlangoni juu ya trela, akainua boneti, akachungulia, akarudi.

"Dwight, ile gundi yako ya silikoni inatoka kila upande kama dawa ya meno."

"Inaziba, haizibi?"

"Vichwa vya bolti umevila vyote kwa spana isiyo saizi yake."

"Zinafunguka, hazifunguki?"

"Umefutwa kwenye orodha ya washukiwa," alisema Marvella. "Kwa uchafu."

Dwight hakujua ashukuru au akasirike, akachagua vyote viwili.

Marvella aliwaonyesha. Uso wa bloku ulikuwa umesafishwa mpaka unang'aa, pembeni hakuna mkwaruzo. Bolti zilizoingia kwenye njia za maji zilipakwa gundi ya kahawia kwa brashi, kila jino, nyembamba, sawasawa. Zilikazwa kwa kupokezana kutoka katikati kwenda nje, zote kwa nguvu ileile. Alikuwa amezipima wakati wa kufungua. Hata kuta za silinda zilifutwa na kupakwa mafuta kabla hedi hazijarudishwa.

"Nilikuwa nikienda kwenye ghala lililoungua," alisema, "naangalia kitu kimoja tu. Kama tandiko zuri la farasi halikuwemo ndani, basi mwenye ghala ndiye aliyelitoa kwanza kisha akawasha kiberiti, kwa sababu mgeni hahangaiki na tandiko. Aliyefungua injini hii hakuja kuiua. Aliifunga kama anavyofunikwa mgonjwa. Janelle, nani unayemjua anapaka gundi ya bolti hivi?"

Janelle alikuwa anaitazama ile gundi ya kahawia. "Watu wengi."

"Watu wengi akina nani?"

Janelle aliigeuza bolti moja vidoleni, akairudisha mezani.

"Tangu asubuhi umenipigia kelele mpaka sikio limekufa ganzi, sasa hivi umeishiwa?"

"Labda tuliache, Bi Marvella," alisema Janelle polepole. "Injini ni yangu. Nikisema nimesamehe, si imekwisha?"

Marvella alichukua funguo za gari lake. Msamaha wa ghafla aliuona mara nyingi katika kazi ya bima, na kila mara uliishia kwenye nyumba ya mtu wa karibu.

Safari ya kwenda kwa kina Roorda haikuwa ndefu. Janelle alikaa kiti cha mbele. Nyuma yao Dwight aliwafuata na pikapu, trela likirukaruka, kwa kuwa alisema jina lake ndilo linalosafishwa na lazima aone linavyosafishwa. Walipofika, mbwa alimtambua Dwight.

Wendell Roorda, baba yake Janelle, alikuwa ndani ya ghala la mashine, trekta kuukuu imefunuliwa injini mbele yake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alipowaona watatu kwa pamoja alisimama wima, akatabasamu kwa bashasha kubwa.

"Karibuni! Mnaonaje, mvua itanyesha? Nimechemsha mahindi, yako pale kwenye ndoo, siagi iko juu ya mashine ya kuchomelea. Dwight, ingia, mwache huyo mbwa. Mvua naona itanyesha."

Anga lilikuwa jeupe pe.

"Wendell," alisema Marvella, na hakugusa mahindi ingawa njaa ilikuwa inamtafuna, "tuseme una injini inagonga kidogo, na unataka kuiokoa. Unaweka gasketi nene au nyembamba?"

"Nene," alijibu Wendell, kwa moyo wote. "Unapunguza kompresheni. Inapata nafasi ya kupumua. Trekta ya marehemu baba ilikuwa ikigonga hivyo hivyo, tukaweka gasketi nene, ikalima mpaka tukaiuza nzima." Kisha akaona bintiye anavyomtazama.

Brashi ya gundi ya kahawia ilikuwa imesimama ndani ya kopo, karibu na mkono wake.

"Baba," alisema Janelle. "Themanini?"

Wendell alivua kofia. "Ningeweka ya mia, lakini dukani hawakuwa nayo."

"Themanini, Baba!"

"Ilikuwa inagonga, Janelle! Ile jioni uliyoijaribu barabarani, niliisikia kwa mbali. Nikakwambia. Ukaniambia nirudi kwa nguruwe wangu."

"Ilikuwa imetiwa petroli mbovu! Niliimwaga kesho yake!"

"Hukuniambia!"

"Ungeniambia unataka kuifungua!"

"Ungekataa!"

"Bila shaka ningekataa!"

Walipumua wote wawili. Marvella aliwaacha. Katika kazi yake alijifunza kwamba watu wa nyumba moja wakishaanza kuulizana, mpelelezi anakaa kitako na kusikiliza.

"Nilisubiri umekwenda kazini," Wendell aliendelea, sauti imeshuka. "Nilikata waya. Nilijua ni makosa, sitasema sikujua. Lakini nilisema moyoni, ikipasuka kabla ya mbio za mwisho mtoto atakufa kwa uchungu. Nilitaka ifike Jumamosi tu. Halafu ikafa kwa mkono wangu mimi. Nikataka kusema, nikakumbuka sheria, nikaona nikisema anapoteza msimu mzima. Nikanyamaza. Nikamwomba Mungu anionyeshe njia, mara nikasikia Dwight ameshtakiwa. Nikaona Mungu naye ana mzaha."

"Kwa hiyo ungeniacha nifungiwe maisha!" Dwight alidakia, mdomo umejaa mahindi.

"Nilikuwa bado nafikiria," alisema Wendell kwa uaminifu.

"Unafikiria! Mtu anafikiria nini hapo!"

"Dwight, kula," alisema Marvella.

Alivuta kiti cha chuma akakaa. Kesi ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida kesi ikiisha alijisikia vizuri. Leo alijisikia kama aliyemeza jiwe. Alimtazama Janelle, ambaye alikuwa amefanya kazi majira yote ya baridi kwenye ghala hili lisilo na joto ili apate kikombe cha bingwa wa msimu, na ambaye hajawahi kushinda kitu kingine chochote.

"Sheria inaniuliza swali moja tu lililobaki," alisema. "Aliyevunja lakiri ni mtu wa timu, au ni mtu wa nje? Na mtu wa timu ni yule ambaye dereva mwenyewe anamtambua mbele ya mkaguzi. Siamui mimi, anaamua dereva."

Wendell alielewa kabla ya wengine wote. Alipiga hatua mbele.

"Mtu wa nje," alisema haraka. "Mimi ni mtu wa nje. Hajanitambua hata siku moja, muulize. Sijawahi kuvaa fulana yao. Hata tairi sijambebea mwaka huu, amenikataza. Mtu wa nje kabisa. Alama zake zinabaki, si ndiyo?"

"Zinabaki. Lakini wewe hutaingia Otter Prairie tena."

"Najua."

"Wendell, umekuwa ukikaa kwenye lile benchi la kona ya nne tangu ukiwa na kaptula. Mkeo ulimpatia pale."

"Nitaegesha barabarani." Alijaribu kucheka. "Sauti inafika mpaka barabarani. Injini yake naijua hata nikifumba macho."

Hata Dwight aliacha kutafuna.

Janelle alikuwa ameshika ukingo wa trekta. Kikombe kilikuwa pale, mkononi kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kukubaliana na baba yake, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Marvella alimsubiri. Hakumsukuma, na moyoni, jambo ambalo asingelikiri mbele ya kamati, alitamani msichana aseme ndiyo, mtu wa nje, waende zao.

"Ni wa timu yangu," alisema Janelle.

"Usiwe mjinga, binti!" Wendell alipaza sauti. "Bi Marvella, usimsikilize, ana hasira, tangu asubuhi hajala…"

"Tangu lini ni wa timu?" Marvella aliuliza, kwa sababu utaratibu ulimtaka aulize.

"Tangu mwanzo." Janelle alimtazama baba yake. "Ila sikuwahi kumwambia."

"Janelle, nakuomba, msimu mzima…"

"Nyamaza, Baba. Mtu wa timu haongei mbele ya mkaguzi mpaka dereva amruhusu."

Wendell alinyamaza.

Marvella alisimama, kwa kuwa uamuzi hutamkwa ukiwa umesimama. "Gari namba kumi na saba, lakiri imevunjwa na mtu wa timu. Alama zote za msimu zimefutwa." Aliyasema kwa sauti kavu ya bima, akayamaliza, kisha akaenda kwenye ndoo akachukua hindi, akaugeukia ukuta na kulila kwa ukali usio wa kawaida.

"Kwa hiyo," Dwight alisema, akiwatazama mmoja mmoja, "yaani kwa hesabu, mimi sasa ndiye bingwa?"

Alifuta mikono kwenye suruali iliyochanwa na mbwa. Alikuwa ameitaka siku hii kwa miaka, na sasa imefika akiwa ameegemea ndoo ya mahindi ya watu wengine.

"Jumamosi bado kuna mbio," alisema Janelle. Alikuwa ameanza kuvuta turubai kutoka pembe ya giza ya ghala, na chini yake ilikuwapo ile injini yake ya zamani, ya kwanza kabisa, imejaa vumbi na manyoya ya kuku. "Nitaanza na sifuri, na nitamaliza na alama za siku moja. Lakini nitamaliza mbele yako, Dwight, na kila mtu atakuona bingwa anakula udongo wangu."

"Hapo ndipo umeongea!" alisema Dwight, na uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wendell bado alikuwa amesimama palepale, kofia mikononi. Aliinua mkono juu, polepole.

"Dereva, naomba kusema."

"Sema."

Alikuwa na mengi. Aliyapanga yote tangu Jumamosi usiku, na yote yalimkimbia. Machozi yalimtoka mbele ya Dwight Kluesner, mtu wa mwisho duniani ambaye angependa amwone akilia.

"Samahani, mwanangu."

"Nimesikia." Janelle alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukabaki na mstari mweusi mpaka sikioni. Akaokota taa ya waya iliyokuwa juu ya tairi la trekta, akamkabidhi baba yake. "Shika hii. Bolti huzigusi, gasketi huigusi. Wewe ni wa kushika taa."

Wendell Roorda aliipokea kwa mikono miwili, akasogea karibu, akamulika ndani ya injini. Kabla hata Janelle hajakamata spana, alikwishaanza kumfokea.

"Siyo huko, Baba! Unanimulika usoni! Mulika pale ninapoangalia!"

"Naam," alisema Wendell, na akasogeza taa.